Inchi Mbili za Mama

3 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, ila goti la Baba limeanza kutabiri mvua na mara zote linakosea. Shemeji yako amepangiwa zamu ya asubuhi, kwa hiyo siku hizi tunaonana kama watu waliooana. Mwanangu ameng'oka meno mawili ya mbele. Amenituma nikuulize mama mdogo anarudi lini, maana ana siri ya kukuonyesha. Mimi niliyemzaa nimenyimwa hiyo siri.

Naandika barua kwa sababu kwenye simu tunagombana kabla salamu hazijaisha. Kwenye karatasi angalau nitamaliza sentensi.

Dukani wote wapo kama ulivyowaacha. Fundi Suti bado anaongea huku pini zikiwa mdomoni, na sisi bado tunajifanya tumemwelewa. Bi Vifungo yuko kwenye kona yake na makopo yake, na haruhusu mtu aguse hata kopo la vifungo vilivyovunjika. Mkasi, yule uliyemfundisha kukata, ndiye anayesimama kwenye meza yako. Mimi niko meza ya mbele na wateja na daftari, na tangu Mama atutoke, kupima ni kwangu.

Ndiyo, kupima. Kwetu tepu ina shingo moja. Anayeivaa ndiye anayempima mteja, na akishaandika namba, wengine wote wanakata na kushona alichoandika yeye. Mama alipokuwa kitandani aliivua akanivisha mimi, mbele ya Baba, mbele ya mafundi, mbele yako. Sijui kwa nini kila nikikuandikia mkono wangu unataka kulitaja hilo.

Basi nimenunua tepu mpya. Ya njano, namba zake nazisoma bila miwani. Ile ya Mama nimeitundika kwenye msumari juu ya picha yake. Imechakaa, ncha imekatika, haifai kuvaliwa na mtu anayepokea wateja wakubwa. Na mteja mkubwa amekuja: bendi ya tarumbeta, watu ishirini na wanne, makoti mekundu yenye kola ya dhahabu na suruali nyeusi. Nimewapima wote Jumamosi, peke yangu, bila kupumzika. Mpaka tumalize, hatushoni kingine.

Mkasi kanichekesha jana. Amekuja na daftari akaniuliza, "Bosi, hizi namba tunazitoa kama kawaida?" Nikamwambia afanye kama kawaida yake na asiniletee maswali ya kitoto. Nikianza kuulizwaulizwa kila kitu, huo ukubwa nitakuwa nao wa nini?

Tuandikie. Baba anakwenda mlangoni kila mtu wa posta akipita.

Dada yako


27 Februari

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia, kazi imenibana mpaka kooni. Mwambie Baba apake goti dawa na aachane na utabiri. Mwambie mwanao siri yake naisubiri kwa hamu.

Mimi sijambo. Kiwanda ni kikubwa kuliko soko letu. Nimepewa watu arobaini niwasimamie. Nina kiti chenye mgongo ndani ya chumba cha kioo, na kutoka hapo naona laini nzima. Nikinyanyua kidole, cherehani arobaini zinanyamaza. Sisemi haya kujisifu. Wewe umeandika ya kwako, nami naandika ya kwangu.

Hongera kwa bendi. Hongera kwa tepu ya njano pia. Nimejaribu kukuona nayo shingoni nikashindwa, kwa sababu kila nikifumba macho naiona ile ya Mama na mikono yake ikiivua, na mimi nimesimama upande wa pili wa kitanda nimeshika glasi ya maji. Wewe unapenda kukumbusha nani alikuwepo. Mimi nakumbuka nilikuwa nimeshika nini.

Miaka kumi na moja nilikata nguo za duka lile. Mama alipougua, mwaka mzima mimi ndiye niliyepima kwa tepu yake huku wewe ukiandika. Nilidhani hiyo ina maana fulani. Basi, yamepita.

Kuhusu Mkasi na swali lake, umemjibu kama wakubwa wanavyojibu. Sina la kuongeza. Wewe ndiye uliyevishwa, kwa hiyo wewe ndiye unayejua.

Wasalimie wote, hasa Bi Vifungo.

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Shikamoo yako nimeipokea, ingawa imekuja na miiba yake. Tunaendelea vizuri. Goti la Baba lilisema mvua, jua likawaka siku tisa. Mwanangu amekuchora ukiwa ndani ya chumba chako cha kioo, umekuwa mkubwa kuliko jengo lenyewe. Amebandika picha hiyo dukani, karibu na daftari langu, na kila ninapoandika kipimo unanitazama.

Nitasema jambo hapa, lisome vizuri maana sitalirudia. Nakuonea wivu. Siyo kwa kioo na kiti chenye mgongo, hivyo kaa navyo. Nakuonea wivu hapa hapa nyumbani, ambako hupo. Wiki iliyopita mama mmoja alikuja kuulizia gauni, akanitazama na tepu yangu, akasema, "Yule mdogo mwenye mkono mwepesi hayupo?" Nikamwambia amesafiri. Akasema basi atasubiri. Fundi Suti akilaza kola anasema, "Mdogo wako angeilaza hivi," na hapo ndipo maneno yake yanatoka safi, pini au bila pini. Na ile stuli yako yenye mguu uliofungwa waya, hakuna anayeikalia. Nimeiondoa mezani mara tatu, na mara tatu nimeikuta imerudi. Ukiuliza nani kairudisha, hakuna anayejua.

Halafu kuna huu utii. Mama walimbishia mpaka sauti zikasikika barabarani. Mimi hawanibishii. Nikisema kola ishuke, "Sawa, Bosi." Nikisema irudi juu, "Sawa, Bosi." Bi Vifungo aliniomba tumvalishe mtu mmoja koti kabla hatujamaliza yote. Nikamjibu kwamba bendi iko safarini, na kwamba vipimo nilivyochukua mimi havihitaji kuhakikiwa na mtu wa vifungo. Akasema, "Sawa, Bosi." Shemeji yako ananiambia nifurahi, watu wananiheshimu. Nifurahi nini, na duka limekuwa kimya kama zahanati?

Niambie ukweli, wewe na watu wako arobaini. Wanakubishia?

Makoti yanachukuliwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Bendi itavalia hapa hapa dukani na kutoka ikipiga. Nimewaalika majirani.

Dada yako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu utazikuta mwishoni, zikipata nafasi.

Kiongozi wa bendi ndiye aliyevaa wa kwanza. Mikono ya koti ikaishia juu ya kifundo cha mkono. Suruali ikaonyesha soksi, na soksi zenyewe hazikuwa za kuonyeshwa. Nikajisemea labda ni yeye ana mikono mirefu. Wakavaa wote ishirini na wanne, na wote wakawa na mikono mirefu. Mpiga tarumbeta mmoja, mnene, akavuta pumzi ajaribu sauti, kifungo cha kifuani kikaruka kikagonga kioo cha dirisha. Cha pili kikafuata. Nje ya kioo hicho walikuwa majirani niliowaalika mwenyewe. Bi Vifungo akaviokota vyote viwili, akavirudisha kwenye kopo.

Kiongozi wa bendi akauliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na ngoma, "Fundi mkuu hapa ni nani?" Mimi nimesimama mbele yake na tepu shingoni. Hakuna aliyenitazama, mdogo wangu. Wote waliitazama stuli yako.

Walipoondoka nilifunga mlango nikamshika Mkasi anieleze. Akanieleza huku akiangalia viatu vyake. Tepu ya Mama haina inchi mbili za mwanzo, zilikatika tukiwa wadogo. Kwa hiyo Mama akisoma arobaini, mtu ana thelathini na nane. Mkataji analijua hilo, anatoa mbili, ndipo anachora kwenye meza. Miaka yote hiyo. Wa meza ya kukatia wanajua, wa cherehani wanajua, hata wa vifungo anajua. Mimi nimekaa meza ya mbele miaka kumi na sita nikiandika namba alizonisomea Mama, na baadaye ulizonisomea wewe, na sikujua kwamba kila namba ina inchi mbili za bure. Hata nilipoanza kupima mwenyewe kwa tepu ile ile, wao walikuwa wanatoa mbili kimyakimya na nguo zinakaa sawa, nami nikajipongeza.

Tepu yangu mpya ni nzima. Nimesoma kweli, wao wakatoa mbili kama kawaida.

Nilimwuliza Mkasi kwa nini hakusema. "Nilikuuliza, Bosi." Na kweli aliniuliza. Nami sikumwuliza anatoa nini, kwa sababu niliona aibu. Mtu aliyevishwa tepu mbele ya wote atauliza vipi kitu ambacho hata wa vifungo anakijua?

Bendi imetupa hadi katikati ya Mei. Wana sherehe nyingine hapo. Tukishindwa mara ya pili, Fundi Suti amesema atahamia duka la ng'ambo ya barabara, na akienda yeye wote watamfuata, na kazi ya Mama itakuwa imeishia kwenye mikono yangu.

Sasa nijibu mawili. Bi Vifungo anasema alikuandikia wiki ile ile niliyoivaa tepu mpya. Uliipata hiyo barua? Na Mama aliniacha mimi gizani kwa nini?

Baba hajambo.

Dada yako


29 Aprili

Mdogo wangu,

Wiki nne sasa. Posta haijafungwa, nimekwenda kuuliza.

Baba anakusalimu.

Dada yako


11 Mei

Dada,

Shikamoo. Ukikataa kuiitikia nitaelewa.

Niliipata. Ilifika tarehe tisa Februari, siku ya pili yake nikapata ya kwako. Bi Vifungo aliandika hivi: "Dada yako kanunua tepu nzima na inaonekana hajui habari ya inchi mbili. Tumwambie au tunyamaze? Utakalosema ndilo tutakalofanya." Nimeikariri kwa kuisoma mara nyingi, hasa mstari wa mwisho.

Laiti ningekaa kimya tu, ungeweza kunisamehe, na hizi wiki nne nisingezihitaji. Dada, niliwajibu. Nilichukua karatasi nikaandika neno moja: Nyamazeni. Nikaipeleka posta kwa miguu yangu.

Sina watu arobaini. Mimi ni mmoja wa hao arobaini. Nashona mfuko wa kushoto wa suruali, kutwa, na wa kulia una mtu wake ambaye hatujawahi kuongea. Kwenye aproni yangu kuna namba mia moja na kumi na saba, na ndivyo ninavyoitwa. Ndani ya chumba cha kioo yuko mkwe wa mwenye kiwanda. Siku moja nilimwona akitia uzi kwenye sindano, akaulamba mara sita na mwishowe akamwita mtu. Siku nyingine nilimfuata kumwambia kwamba mfuko umekatwa upande, hautakaa sawa. Hakuniuliza nimejuaje. Akasema, "Wewe ni mfuko," akafunga mlango. Tukashona mifuko elfu moja ikiwa upande.

Siku hiyo niliporudi chumbani nilikuta barua ya Bi Vifungo imesukumwa chini ya mlango. Dada, mimi niliyekuwa mfuko nikawa mtu. Mafundi wazima, mbali kote huko, wamesimamisha mikono wanasubiri neno langu. Na wewe una tepu, una mteja mkubwa, una shingo ya kuvalia, na neno hilo huna. Wivu ulinijaa mpaka nikatabasamu. Nilitaka uanguke kidogo, mbele ya mtu mmoja au wawili. Sikutaka uanguke mbele ya tarumbeta.

Uliniuliza kuhusu Mama. Nami niliwahi kumwuliza, nikiwa bado mgeni kwenye meza, mbona dada haambiwi. Akasema, "Dada yako wateja wakimwona wanaona duka. Nyinyi wa mezani mna nini? Mwachieni uso, nyinyi kaeni na inchi mbili. Hapo hakuna atakayemfukuza mwenzake." Nilidhani ananipendelea. Alipokuvisha wewe, nikadhani anakupendelea wewe. Sasa naona alikuwa anahesabu kwamba ukiwa na tepu, mimi nitakuwa mezani. Nami nilifunga mzigo wiki moja baada ya mazishi, nikaondoka na inchi mbili zangu kichwani, nikasubiri siku utakayozihitaji.

Makoti hayajafa. Nilimfundisha Mkasi kuacha akiba pana kwenye kila mshono, na pindo refu. Yafumueni pembeni na chini.

Mwambie mwanao asinichore tena.

Mdogo wako


30 Mei

Mdogo wangu wa mfuko wa kushoto,

Shikamoo yako nimeiitikia. Ilinichukua siku tatu.

Nyumbani salama. Mvua imenyesha hatimaye, goti la Baba halikusema lolote. Mwanangu amechoka kukungoja akanionyesha ile siri. Ni yale meno yake mawili, ameyahifadhi ndani ya kopo alilopewa na Bi Vifungo. Kopo, na Bi Vifungo! Kumbe hata mtoto alikuwa na mapatano na kona ile, na mimi napita hapo kila siku.

Barua yako nimeisoma dukani kwa sauti, yote, hata pale panapokuvunjia heshima. Hasa hapo. Nilipofika kwenye neno "Nyamazeni" Bi Vifungo aligeukia ukutani. Fundi Suti akatoa pini zote mdomoni, akaziweka mezani moja moja, akasema, "Tulikosa, Bosi." Ndiyo sentensi ya kwanza niliyowahi kuielewa yote kutoka kwake ambayo haikuwa juu yako.

Ushauri wako wa akiba umefika makoti yakiwa yameshavaliwa. Siku ya pili baada ya ile aibu niliikalia stuli yako. Ikalia kama inataka kunishtaki. Nikamwambia Mkasi anifundishe meza, tangu mwanzo, kama mtu aliyeingia dukani leo. Alidhani namtega. Nilipokosea mstari wa kwanza alinitazama, akaufuta mwenyewe. Nilipokosea wa tatu hakuvumilia, akaninyang'anya chaki: "Siyo hivyo, mkono wako mzito!" Bi Vifungo akadakia kwamba hata yeye Mkasi alianza na mkono mzito vile vile, Fundi Suti naye akaingilia, na kabla ya saa sita walikuwa wanabishana wote kwa pamoja juu ya namna ya kufumua bega. Watu wa barabarani wakasimama kusikiliza. Nilikuwa naitwa mkosaji kutoka pande tatu, na nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia nikiitwa Bosi.

Tulimaliza tarehe kumi na tatu. Bendi ilipita mbele ya duka ikipiga kwa nguvu zote. Yule mnene alivuta pumzi mpaka mashavu yakajaa, nami nikafumba macho. Hakikuruka kifungo.

Usidhani wivu umeisha. Mimi nilikuwa na mafundi kila siku, wakakuuliza wewe. Neno moja kutoka mbali wakalishika kama sheria. Nimewasamehe kwa sababu nawahitaji, na wewe nimekusamehe nusu. Nusu iliyobaki inategemea.

Jana asubuhi, wote wakiwepo, niliivua tepu ya njano nikailaza mezani. Nikaomba mkasi mkubwa. Nikakata inchi mbili za mwanzo. Mkasi alishika kichwa kwa mikono miwili. Nikaivaa tena, nikampima mteja wa kwanza, ambaye ni yule mama aliyesema atakusubiri na amechoka kukusubiri. Nikasoma namba, nikaandika, nikampa Mkasi daftari nikamwambia, "Toa mbili." Ile ya Mama ibaki msumarini. Hii sasa ni ya duka.

Kipande kimo ndani ya bahasha hii, kimejikunja kwenye kona. Kina namba mbili tu, moja na mbili. Mama alikuachia wewe hizo, na sitaki zikae huko kwenye mifuko. Zilete. Stuli utaikuta mezani, waya wa mguu nimeubadilisha. Tepu haitoki shingoni mwangu, hilo ulijue kabla hujafunga mzigo.

Na ukifika, usinijibu "Sawa, Bosi." Unibishie, mbele yao wote.

Dada yako